Msiba Uliopita Mara Sita

Sura ya Tano

Alhamisi asubuhi majalada mawili yaliingia katika chumba cha wapelelezi mjini Morogoro. La kwanza lilikuwa nene, lina madini, bastola, na mgeni mmoja aliyetoroka kupitia dirisha la choo. Hilo lilikwenda kwenye meza ya Inspekta Innocent. La pili lilikuwa jembamba kama kitabu cha nyimbo za kwaya, na lilikwenda kwa Sajenti Severini. Lilihusu hesabu ya magari.

Si wizi wa magari. Hesabu yake.

Severini hakulalamika, kwa kuwa alikuwa mtu wa nidhamu. Alitazama tu jinsi Innocent alivyolifungua jalada lake polepole, kama bwana harusi anayefungua zawadi mbele ya wageni. Akatazama funguo za gari jipya la idara zilizolala kando ya kikombe cha Innocent. Akakitazama na kikombe chenyewe, ambacho nacho kilikuwa kipya. Wawili hawa waliwahi kulala kitanda kimoja cha ngazi mbili katika chuo cha polisi, Innocent juu, Severini chini, na tangu siku hizo hakuna mamlaka yoyote iliyoona sababu ya kubadilisha mpangilio huo.

Ni haki isemwe mapema kwamba wivu wa Severini haukuwa kasoro kazini. Wengine wana mbwa wa kunusa. Yeye alikuwa na wivu, aliutunza, aliulisha kila siku, nao ulimlipa fadhila kwa kumwonyesha ndugu zake popote walipojificha. Mwizi aliweza kumdanganya Severini, na mwongo pia. Mwenye kijicho hakuwahi.

Ndani ya jalada jembamba mlikuwa na mtu mmoja, binti aitwaye Nasra, mkazi wa Kihonda, karani wa muda wa kuhesabu magari barabarani. Alishukiwa kughushi fomu ya serikali. Mkuu wa upelelezi alisema maneno machache. Jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka kesho Ijumaa saa kumi jioni. Kama hadi saa hiyo hajapatikana mtu wa kueleza namba za binti yule, Jumatatu anasimama kizimbani.

Severini alianzia kwa Mhandisi Emmanuel, msimamizi wa barabara za vijijini kwa upande ule wa milima ya Uluguru, ili aelezwe ni kwa nini taifa linahesabu magari badala ya kuyaendesha. Emmanuel alikuwa mvumilivu kama mwalimu wa darasa la kwanza. Alieleza kwamba kila lita ya petroli au dizeli inayouzwa ina kipande cha pesa anacholipa mnunuzi bila kuulizwa, na kwamba kipande hicho huingia katika mfuko wa barabara. Mfuko ule hurudi mikoani ukiwa umekonda, na barabara zinazousubiri ni nyingi. Kwa hiyo barabara hushindanishwa.

"Ni ukoo wenye mbuzi mmoja na wajukuu sitini," alisema. "Huwezi kumpa kila mtu paja."

Mwaka huu, katika bonde lile, paja lilikuwa moja: changarawe, mitaro ya mawe na makalavati, kabla ya masika. Juu ya Mkuyuni barabara inagawanyika mara mbili, mkono mmoja kwenda kijiji cha Kinzala, mkono wa pili kwenda kijiji cha Lukwele. Wataalamu walikuwa wameamua kwamba itakayofikisha wastani wa magari arobaini na tano kwa siku ndiyo itakayopewa. Makarani walikaa siku saba, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Pikipiki ziliandikwa safu yake na hazikuingia kwenye wastani. Kinzala ilipata arobaini na nne. Lukwele ilipata hamsini. Matokeo yakabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, siku kwa siku, na wiki moja baadaye ikaja barua isiyo na jina.

Severini aliomba fomu za Lukwele. Siku sita zilikuwa za kawaida, kumi na tisa, ishirini na mbili, thelathini na moja siku ya gulio. Jumatano ilikuwa na mia mbili na kumi na nne.

"Siku za kuhesabu zilitangazwa?" aliuliza.

"Haijawahi kutokea. Nilijua mimi, wakajua makarani. Tukitangaza, hata trekta bovu litasukumwa lipite."

Severini aliinamia fomu ya Jumatano kwa nusu saa. Alikuwa amesoma fomu nyingi za kughushi, na alijua kwamba mtu anayebuni namba huogopa kuonekana mjinga, hivyo huzipanga vizuri: saba, tisa, nane, kumi. Vijiti vya Nasra havikupangwa vizuri hata kidogo. Saa nzima hakuna gari, kisha thelathini na tano yanayopanda. Kisha thelathini na tano yanayoshuka. Kisha thelathini na tano yanayopanda. Mara sita jumla, tatu juu, tatu chini, na kila mara lori lilikuwa moja na Coaster zilikuwa mbili. Yaliyobaki, magari manne tu, ndiyo yaliyokuwa ya siku yenyewe. Hata mwizi wa mahindi, pamoja na elimu yake ndogo, hubadilisha gunia.

Kabla ya adhuhuri alikuwa Mkuyuni, amekuja kwa pikipiki ya kukodi, maana gari la idara lilikuwa limekwenda kutazama dirisha la choo. Nasra alimsubiri kwenye kibanda cha nyasi alichokuwa akihesabia, mita mia tatu juu ya njia panda. Alikuwa msichana mwembamba aliyejitanda mtandio wa kijivu, na alijibu maswali kama mtu aliyekwisha kuyajibu mara nyingi bila faida.

Yalikuwa magari ya msiba, alisema. Alilijua jeneza alipoliona. Kila msafara ulipopita alisimama, akainamisha kichwa kwa heshima, akahesabu magurudumu. Alikuwa amemweleza hayo askari wa kwanza, naye akamuuliza kama marehemu alikuwa anajifunza udereva.

"Jeneza uliliona mara ngapi?"

"Mara tano, afande."

"Na mara ya sita?"

"Mara ya sita hawakuwa nalo. Nilimshukuru Mungu."

Severini aliandika. Msiba hupanda mara moja, ukazika, ukashuka. Huu ulipanda, ukashuka na maiti, ukapanda, ukashuka na maiti tena, ukapanda kwa mara ya tatu ndipo ukazika. Alimuuliza Nasra kwa nini. Nasra hakujua. Wazazi wake walihamia Kihonda kutoka Kigoma, na mambo ya huku milimani alikuwa anayaona kwa mara ya kwanza. Semina ya makarani ilikuwa imewafundisha jambo moja, kwamba gari likipita mara kumi liandikwe mara kumi, kwa sababu barabara huchoka mara kumi.

Alikuwa wa tatu kwenye orodha ya watakaoajiriwa moja kwa moja. Sasa hakuulizia orodha.

"Jumatatu nije na nguo za kubadilisha?" aliuliza. "Mama anataka kujua."

Severini alifunga daftari. Hakuna kifungu cha mwongozo wa kazi kinachoeleza namna ya kujibu swali hilo.

Barabara ya kwenda Lukwele ilimpokea kwa ukatili. Kila pikipiki iliporuka, Severini alikumbuka kwamba ameilipia barabara hii kwa kila lita aliyoweka pale Msamvu, na kwamba pesa yake ilikuwa mahali fulani pazuri zaidi, labda chini ya magurudumu ya Innocent. Kilomita moja juu ya kibanda cha Nasra alivuka daraja dogo la magogo. Kando yake palikuwa na uwanja wa shule. Alisimama, akapima kwa macho. Gari lililozuiwa darajani lingeweza kugeuzia uwanjani, na magari thelathini na tano pia, kwa zamu na matusi kidogo. Nyasi za ukingoni zilikuwa zimelazwa na matairi. Akaandika.

Mwenyekiti wa kijiji cha Lukwele, Mama Rahel, alikuwa anaosha karoti kwenye mfereji wa kijito, kanga imefungwa kiunoni. Baada ya salamu, ambazo hazikufupishwa kwa ajili ya sheria ya nchi, alikubali kwamba msiba ulikuwepo. Alizikwa Bibi Felista, mama yake Wilfred mwenye mabasi. Watu walitoka Dar es Salaam, walitoka Dodoma. Alimzungumzia marehemu vizuri na kwa kirefu. Alipoulizwa kuhusu safari sita akachagua karoti moja na kuisugua sana.

"Njia mbaya," alisema.

"Njia mbaya inachelewesha gari, mama. Haiwezi kulirudisha."

Mama Rahel akachukua karoti nyingine. Wanawake wawili waliokuwa naye wakasemezana Kiluguru, na katika maneno yote Severini akaambulia "polisi" tu.

Kwa dakika chache aliridhika kwamba amempata mhalifu. Wilfred ana mabasi, mabasi yanataka changarawe, na mtu mwenye magari thelathini na tano barabarani anaweza kuyazungusha hadi namba inenepe. Lilikuwa wazo zuri. Alimpigia Wilfred simu palepale mferejini. Wilfred alisikiliza hadi mwisho, akauliza kwa sauti ya chini, "Afande, nilikuwa na mama yangu kwenye jeneza, juani. Unadhani nilikuwa nataka kuhesabiwa?" Severini akaomba radhi. Na kweli wazo lilikuwa na shimo: siku ya kuhesabu hakuijua mtu, na karani kwenye kibanda cha nyasi, akiinamisha kichwa, alionekana kwa wapita njia kama mwanamke anayeuza ndizi ambazo zimekwisha.

Ndipo akajitokeza Mzee Agustino.

Agustino alikuwa amekaa juu ya jiwe muda wote, fimbo kati ya magoti, akionekana kama mtu anayeumwa na siri. Alisimama, akarekebisha kola yake, akatangaza kwamba magari yale aliyarudisha yeye. Peke yake. Alisimama darajani, akainua mkono, na Prado zikageuka kama mbuzi. Alikuwa mtani wa marehemu, akasema, na mtani msibani ana mamlaka kuliko trafiki.

Mama Rahel alimwambia kwa Kiluguru jambo fupi ambalo halikuhitaji mkalimani. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, nalo lilikuwa "mtani". Severini alilijua neno hilo tangu tumboni. Alishaona mtani akilala ndani ya kaburi na kukataa kutoka hadi apewe jogoo. Hakuwahi tu kuona mtani akirudisha msafara mzima barabarani.

Aliandika maelezo ya Agustino na kumpa asaini. Agustino, ambaye hakuna mtu aliyewahi kuihitaji saini yake, alisaini mara mbili. Kisha Severini, aliyejua kwamba mtani msibani hujivika vituko, akamuuliza siku ile alivaa nini. Suti, akajibu. Mama Rahel akashindwa kuvumilia.

"Huyu ni mtoto wa dada wa marehemu, wa tumbo moja," alisema. "Toka lini mtu akamtania mama yake mdogo akiwa kwenye jeneza? Siku ile alikuwa Coaster ya pili, anatapika. Muulize dereva."

Agustino alitazama milima.

"Basi mtani alikuwa nani, Mama Mwenyekiti?"

"Mtani ni mtani. Akikufanyia jambo msibani unalipa, unacheka, unazika. Humtaji polisi."

Severini alimweleza habari za Nasra na swali lake la nguo. Mama Rahel aliweka karoti chini. Alionekana kusikitika kweli, kisha akaiokota tena. Severini aliona kwamba angeweza kukaa pale hadi karoti zote za Uluguru ziwe safi na asipate jina.

Aliomba maji ya kunywa, akakaa kwenye jiwe aliloliacha Agustino, akaisoma upya ile barua isiyo na jina. Asubuhi aliisoma kama mpelelezi. Sasa aliisoma kama ndugu wa mwandishi.

Mwandishi alilalamika kwamba karani aliandika magari yaleyale mara nyingi, wakati kila mtu anajua gari moja ni gari moja. Sawa. Lakini hakuishia hapo. Aliyataja magari yenyewe. Prado mbili nyeupe. Harrier rangi ya maziwa, viti vya ngozi. Noah kumi na moja, saba zina viyoyozi. Maiti imelazwa kwenye pikapu ambayo nailoni ya viti haijatolewa. Na mwishoni, bila kuulizwa na mtu, aliandika: "Wengine tumezika mama zetu kwa magari matatu, moja likasukumwa, na hatukutangaza."

Severini alihisi joto la undugu kifuani. Yeye mwenyewe alijua upepo wa kila tairi la gari la Innocent. Mtu wa kawaida akiona msafara anaona msafara. Kuona nailoni ya viti kunahitaji kipaji. Na kunahitaji jambo jingine: kichwa kipite dirishani. Magari yale hayakusimama kwenye kibanda cha Nasra. Yalisimama darajani tu, na aliyeyapitia dirisha kwa dirisha, akidai haki yake, alikuwa mtani.

Mtani aliyeurudisha msiba na mshitaki aliyelalamikia hesabu walikuwa mtu mmoja.

"Mama," alisema, "ni nani huku alimzika mama yake kwa magari matatu, moja likasukumwa?"

Mama Rahel alijitahidi. Midomo yake ilipigana kwa muda. Kisha akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, akafunika uso kwa kanga, na macho yake, ambayo hayakuapa kiapo chochote cha utani, yakavuka bonde hadi upande wa pili. Huko juu, katikati ya migomba, bati jekundu la nyumba ya mwenyekiti wa Kinzala lilikuwa linawaka jua.

Ijumaa saa mbili asubuhi Severini alikuwa Kinzala. Mzee Abdulmajid, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa barazani amevaa kanzu mapema, kwa ajili ya sala ya mchana. Baraza lake lilitazama bonde lote, na kiti chake kilikuwa kimegeuzwa Lukwele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa."

Severini alikunywa kahawa. Alieleza kwamba anatafuta mtu aliyeona msiba wa Bibi Felista. Abdulmajid alijibu kwamba siku hiyo alikuwa shambani, mbali sana, kwenye migomba. Alisikia tu. Severini akaeleza habari za Nasra na saa kumi jioni. Mzee alitikisa kichwa kwa huzuni na kusema kuwa binti wa watu Mungu atamsimamia. Lakini kikombe chake kilikuwa kimesimama hewani muda mrefu kidogo.

Mpelelezi mwingine angepiga meza. Severini alitoa karatasi kwenye jalada, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya ibada:

"Mimi Agustino, mkazi wa Lukwele, nasema kwamba niliyerudisha magari ya msiba wa Bibi Felista ni mimi, peke yangu. Nilisimama darajani, nikainua mkono, na Prado zikageuka kama mbuzi."

Kikombe kilitua.

"Nani?"

"Mzee Agustino. Nasikia Lukwele nzima wanamsifu. Wanasema tangu milima hii iumbwe hajatokea mtani kama yeye."

"Agustino yupi? Huyu Agustino wa jiwe?"

"Amesaini mara mbili."

Abdulmajid alisimama. Alikwenda hadi ukingo wa baraza, akarudi. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama juu ya kanzu.

"Agustino hawezi kurudisha kuku bandani," alisema. "Mkono? Alisimama na mkono? Mwanangu, Prado hairudi kwa mkono. Mimi nilikaa kigoda katikati ya daraja, nimevaa gauni la mke wangu, ungo kichwani, mchi begani kama bunduki. Nikawaambia marehemu hajaaga njia panda, rudini. Wakarudi. Wote. Wakaja tena, nikawaambia amesahau mwavuli. Wakarudi. Mtu wa Dodoma alilia. Mara ya tatu nikachukua jogoo na doti ya kanga, nikawaachia, kwa sababu jua lilikuwa kali na mama wa watu ni mama wa watu. Utani huu nimerithi kwa mjomba wangu, naye kwa mjomba wake. Leo aje Agustino?"

Severini alikuwa anaandika kwa kasi isiyo na aibu.

"Barua pia ni yako, mzee?"

Mzee alikaa. Hasira ilimtoka kama hewa ya mpira. Akasema kwamba aliuona ubao wa kata, akaona mia mbili na kumi na nne, akakumbuka ile Harrier, na usiku hakulala. Karani aliwapendelea. Gari moja ni gari moja.

"Si hivyo," alisema Severini, akamweleza kanuni: likipita mara kumi linaandikwa mara kumi, maana barabara huchoka mara kumi. "Msiba ungepanda na kushuka mara moja kama misiba mingine, Lukwele wangebaki na wastani wa thelathini. Hizo safari nne za katikati ni zako. Magari mia moja na arobaini. Wewe ndiye uliyewapa changarawe."

Abdulmajid aliitazama Lukwele kama mtu anayetazama mbuzi wake akiliwa na wageni aliowaalika mwenyewe.

Severini alimsomea maelezo yake na kumpa kalamu. Mzee hakuipokea. Alizungumza polepole, bila hasira sasa. Ukoo wake na ukoo wa Bibi Felista ni watani. Wao huko ndio wanaochimba makaburi ya huku, wanabeba, wanafukia. Na wa huku wanafanya vilevile kule. Mambo ya utani hayapelekwi serikalini. Mtani anayeyapeleka amekata kamba, na mwili wake siku ikifika utawakodolea macho majirani, maana hakuna mwenye haki ya kuushika.

"Nina miaka sabini na moja," alisema. "Nani atanichimbia?"

Severini alibaki ameshika kalamu. Alijua kwamba maelezo ya Agustino yangevunjwa na dereva wa Coaster kabla ya chai, na kwamba kama mzee huyu hatasaini, binti wa Kihonda atakwenda mahakamani na nguo zake kwenye mfuko wa plastiki. Alimwambia jambo hilo la nguo. Mzee alifumba macho. Alikuwa na mabinti wanne.

Akauliza, macho bado yamefumbwa, asiposaini itabaki imeandikwa kwamba magari aliyarudisha nani.

"Itabaki saini iliyopo, mzee. Mbili."

Abdulmajid alichukua kalamu. Alisaini jina lake na la babake na la babu yake, akaweka dole gumba juu yake, na kwa tahadhari akaongeza tarehe.

Severini alimpigia Nasra simu kutoka penye mtandao, chini ya mnara wa maji. Alimwambia kwamba maelezo yamepatikana, kwamba saa kumi jalada litafungwa, na kwamba Jumatano itahesabiwa upya kwa barabara zote mbili. Kisha akamsikia Nasra akimwambia mtu mwingine, mbali na simu, "Mama, rudisha zile nguo kabatini."

Aliporudi barazani kuchukua kofia yake, alikuta ugeni. Habari kwamba polisi amepanda Kinzala ilikuwa imevuka bonde kabla injini ya pikipiki haijapoa. Mama Rahel alikuwa amesimama uani, jasho linamtoka, na nyuma yake wanaume wanne wa Lukwele wenye majembe. Abdulmajid alikuwa amesimama mbele yao, mikono imeshuka.

"Umesaini?" aliuliza Mama Rahel.

"Nimesaini."

"Umeushitaki utani."

"Nimejishitaki mwenyewe. Kuna binti wa watu."

Mama Rahel alimtazama kutoka kofia hadi ndala. Severini, ambaye alikuwa na bunduki moja ofisini na hakuibeba, alijiuliza kanuni zinasemaje kuhusu majembe manne. Kisha mwanamke yule akageuka, akawaambia wenzake jambo kwa Kiluguru. Mmoja aliingia migombani na kurudi na tete refu, limenyooka.

"Lala," alisema Mama Rahel.

Mke wa Abdulmajid, bila kuuliza, akatandika mkeka. Mzee alilala chali katika kanzu yake safi. Walibishana kidogo kuhusu upande wa kibla, wakamgeuza kama gogo, wakalaza tete ubavuni mwake kuanzia utosini. Mama Rahel alitangaza mbele ya ua wote kwamba faini ni mbuzi na mchele wa watu ishirini, leo hii, baada ya sala. Na kwamba kipimo hiki cha kaburi atakitunza yeye mwenyewe Lukwele, ili siku ikifika asije mtu akabishana nao. Mwenye kisu akainama penye kisigino.

Abdulmajid alikuwa ametulia kama maiti mwenye uzoefu, mikono kifuani, midomo imefungwa. Machozi mawili yalikuwa yametelemka hadi masikioni. Kisha akafumbua jicho moja.

"La Bibi Felista lilikuwa futi ngapi?"

"Sita," akasema mwenye kisu.

Jicho likafumba tena.

"Langu kateni saba."